Jaji Raghunath na Yusufu wa Nazareti

Mtaje Raj Kapoor mbele ya mtu wa Wete, Pemba, aliyevuka miaka sitini na mitano, kisha mtazame. Kama alikuwa akilalamikia magoti, yatapona hapo hapo. Atavuta kofia upande, atakunja suruali juu ya vifundo vya miguu, na wimbo wa picha yake ya Awara utamtoka kwa Kihindi ambacho hajui maana ya hata neno moja. Nimewaona wakifanya hivyo watu waliokwisha kuhiji Makka. Nimemwona pia mzee mmoja wa kanisa letu, na huyo ndiye aliyenichekesha zaidi, maana udogoni mwetu yeye ndiye aliyetuhubiria kwamba senema ni mlango wa nyuma wa shetani.

Picha hiyo ilitoka Bombay mwishoni mwa 1951. Raj Kapoor, kijana ambaye hata miaka thelathini hajaifikia, ndiye aliyeiongoza, ndiye aliyeitoa kwa kampuni yake, na ndiye stelingi. Hadithi ni ya K. A. Abbas, muziki ni wa Shankar na Jaikishan, sauti ya kiume ya Mukesh, ya kike ya Lata Mangeshkar. Mwaka 1954 ilipofika Umoja wa Kisovieti mamilioni ya watu waliijazia majumba ya senema. Uturuki na China nako iliimbwa. Mwanahistoria Laura Fair, aliyezungumza na watu wengi wa visiwani juu ya mambo ya senema, aliikuta Awara bado imo vifuani mwao miaka hamsini baadaye. Kwa hiyo sisi wa Wete hatukuwa na wazimu wa peke yetu.

Ila nadhani sisi tulikuwa na sababu yetu. Pemba, ukikutana na mtu mzima njiani na wewe ni mtoto, salamu ikishaitikiwa swali ni moja: mwana wa nani weye? Hakuulizi jina lako. Jina lako utakaa nalo mwenyewe. Yeye anataka kujua baba, na babu, na kijiji, na kama mmetokea upande wa Konde au wa Ole, ndipo ajue akupe heshima ya kiasi gani. Mimi swali hilo lilikuwa likinikwama kooni. Baba yangu alikuwa dresa hospitalini, mtu wa bara, kutoka Masasi, na Mkristo katika kisiwa ambacho takriban kila mtu ni Mwislamu. Na hata huko Masasi ukoo wetu haukuwa na mizizi mirefu: babu wa baba alikuwa mmoja wa watumwa walioachiwa huru ambao Edward Steere wa misheni ya UMCA aliondoka nao Unguja mwaka 1876, wakaenda kuanzisha kijiji. Kabla ya hapo hatujui kitu. Hatujui kabila lake la asili wala jina alilopewa na mama yake. Nasaba yetu inaanzia kwenye boti ya misheni.

Basi mtoto wa namna hiyo akipelekwa kutazama picha ambayo kisa chake kizima ni "mwana wa nani?", unategemea nini?

Tulikuwa tukienda kwa fedha za karafuu. Msimu ukiwa mzuri, mtoto aliyechambua karafuu jioni nzima hakosi senti za tiketi ya mbele kabisa, pale unapotazama shingo imekunjwa na miguu ya Nargis, stelingi wa kike, iko sawa na uso wako. Sikukuu ndiyo ilikuwa kilele: nguo mpya, halua, na picha ya Kihindi. Maandishi ya tafsiri hayakuwapo. Kulikuwa na kijana mmoja aliyefanya kazi dukani kwa Mhindi, akajifanya mkalimani wetu, akipaza sauti gizani, na kila alipokosa neno alitia la kwake. Kwa tafsiri yake jaji wa Awara alikuwa mlevi, na Rita, yule msichana anayechezwa na Nargis, alikuwa binti wa Sultani. Hakuna aliyemkosoa. Nyimbo zilipoanza hata yeye alinyamaza, kwa sababu ukumbi mzima ulikuwa ukiimba. Baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba ya senema yalitaifishwa, lakini Awara iliendelea kurudi, na sisi tukaendelea kurudi nayo. Taarabu za harusini zilichukua mahadhi ya picha za Kihindi zikayatia maneno ya Kiswahili. Na mimi, katika chumba cha kuvalia kanzu za kwaya, nilipigwa kofi la kisogo na mwalimu wa kwaya kwa kuvumisha wimbo wa Mukesh dakika chache kabla ya Ibada ya Meza ya Bwana. Lilikuwa kofi la haki.

Hadithi, kwa asiyeijua, ni hii. Jaji Raghunath ni tajiri mwenye msimamo mmoja maishani: mtoto wa mtu mwema huwa mwema, mtoto wa mwizi huwa mwizi. Kwa imani hiyo alimfunga mtu aitwaye Jagga bila ushahidi wa kutosha, kwa kuwa baba yake Jagga alikuwa mhalifu. Jagga akatoka jela akawa jambazi kweli, akamteka Leela, mke wa jaji. Alipogundua kwamba Leela ni mjamzito, mimba ya mumewe, akamrudisha baada ya siku chache bila kumgusa, akijua shaka itafanya kazi iliyobaki. Ikafanya. Jaji akamfukuza mkewe usiku wa mvua, akajifungulia njiani. Mtoto, Raj, akakulia mitaa ya vibanda ya Bombay, akafukuzwa skuli, akaiba mkate kwa sababu mama alikuwa mgonjwa na ndani hamna kitu, akapelekwa gereza la watoto, na alipotoka aliyempokea na kumlea kikazi ni Jagga huyo huyo. Rita, rafiki yake wa utotoni, amekua chini ya ulezi wa jaji na amekuwa mwanasheria. Picha inaanza mahakamani: Raj ameshitakiwa kwa kutaka kumuua jaji, na Rita ndiye wakili wake, anamhoji jaji kizimbani.

Nimeitazama tena mwaka jana kwa laptopu ya mpwa wangu, Wete, barazani kwa rafiki yangu wa tangu utoto ambaye siku hizi kila mtu anamwita Maalim kwa sababu amesomesha chuo maisha yake yote. Safari hii tulikuwa na tafsiri ya maandishi chini. Tulikuwa na buni na halua. Ni picha ya karibu saa tatu, na wazee wawili hawaitazami kwa pamoja bila kuisimamisha kila baada ya muda, mmoja anataka kwenda msalani na mwengine anataka kusema.

Maalim alisema kwanza, Leela alipotolewa nje.

"Huyu jaji angekuwa mwanafunzi wangu ningemtia bakora. Mashahidi wanne wako wapi?"

Akanikumbusha Surat an-Nur: anayemsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi bila kuleta mashahidi wanne ndiye anayeadhibiwa, na ushahidi wake haukubaliwi tena. Na mume asiye na mashahidi ana utaratibu wake, ataapa mara nne na mara ya tano atajitakia laana ikiwa anasema uongo, na mke naye ana haki ya kuapa kuyakanusha. "Huyu hata kuapa hakuapa," akasema. "Kasikiliza umbea wa shemeji yake tu. Na ndiye jaji!"

Mimi kichwani kwangu alikuwa amekwisha kuingia mtu mwengine, Yusufu seremala. Wahindi wenyewe, katika wimbo unaoimbwa Leela anapofukuzwa, wanamkumbuka Sita wa Ramayana, aliyetekwa kisha akashukiwa na mumewe. Kila mtu na kitabu chake. Mathayo, katika sura ya kwanza, anamweleza Yusufu kuwa ni mtu wa haki, aliyemkuta mchumba wake ana mimba, akaazimu kumwacha kwa siri asimwaibishe. Kisha akaota ndoto, akaamka, akamchukua mkewe. Tuwaweke hawa wawili pamoja tuone. Yusufu alijua kwa hakika kwamba mtoto si wake wa damu, akampa jina, akampa nasaba ya Daudi, akakimbia naye Misri usiku. Raghunath mtoto alikuwa wake kabisa, damu yake, na akamtupa. Hapo ndipo ninapoiona tofauti kati ya haki ya jaji na haki ya yule seremala. Ya jaji inataka kwanza ijiridhishe kwamba yenyewe haijachafuka.

Nilimwambia Maalim. Akafikiri kidogo, akasema, "Kwetu huyo Yusufu hayumo. Maryam yuko peke yake chini ya mtende. Anayemtetea ni mtoto mwenyewe, angali mchanga." Tukatazamana. Kwa sababu katika Awara pia, mama asiyekuwa na mtetezi, anayemtetea mwisho ni mtoto: Raj anamuua Jagga alipomvamia Leela.

Sasa nije kwenye jambo ambalo Abbas alitaka tuondoke nalo. Alikuwa mwandishi wa mrengo wa kushoto, na fundisho lake liko wazi: si damu inayomfanya mtu mwizi, ni mtaro alikokulia. Mpe mtoto skuli na chakula, atakuwa mtu. Raj anaposimama mahakamani haombi huruma kwa ajili yake, anawaombea watoto walioko mitaroni. Ujanani niliyameza hayo mazima mazima, na bado naona yana ukweli mkubwa kuliko ya jaji. Ezekieli sura ya 18 inakataa kabisa kwamba mwana achukue uovu wa baba. Wanafunzi walipomuuliza Yesu juu ya yule kipofu, katika Yohana 9, ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake, walikuwa wakiuliza swali la Raghunath, na Yesu alilikataa swali lenyewe.

Lakini picha yenyewe inamkanusha aliyeiandika. Nani amefanya dhambi kubwa kuliko zote katika Awara? Ni mtu mmoja aliyelelewa katika jumba, akasoma, akala akashiba, akavaa joho. Alimfunga mtu asiye na hatia, akamtupa mke mjamzito barabarani, na kwa hayo mawili akawatengeneza Jagga na Raj wote. Mazingira yake yalikuwa na kasoro gani? Na kwa upande wa pili, mimi nimekulia miongoni mwa watu ambao kuanguka kwa bei ya karafuu kuliwalaza na njaa, na asubuhi mtungi wa jirani ulikuwa mahali pake. Kusema kwamba umasikini huzaa wezi ni kuwatetea masikini kwa kuwatukana. Yesu aliposema kwamba yanayomtia mtu unajisi hutoka moyoni, alikuwa akiwajibu Mafarisayo, watu wa nyumba safi.

Ninayemwona Raj ndani ya Biblia ni Yeftha, katika Waamuzi 11. Mtoto wa kahaba. Ndugu zake wa baba mmoja wakamfukuza asirithi. Akakimbilia nchi nyengine, wakamkusanyikia mabaradhuli. Ni kisa hiki hiki, na genge lake limo. Kisha waliomfukuza wakaja kumwomba awaokoe. Maisha yake hayakwisha vizuri, msomaji anayekijua kiapo chake anajua. Hata hivyo Waraka kwa Waebrania, sura ya 11, unamtaja kwa jina katika safu ya watu wa imani, pamoja na Daudi na Samweli. Sikumbuki kulisikia hilo likihubiriwa Jumapili yoyote.

Niseme kidogo juu ya mzaha uliomo. Picha inayopiga kelele kwamba nasaba si kitu imechezwa na ukoo mmoja: jaji Raghunath ni Prithviraj Kapoor, baba mzazi wa Raj, Raj akiwa mdogo ni Shashi, mdogo wake, na anayekaa kwenye kiti cha hukumu ni Basheshwarnath, babu yao. Hata Maalim, ambaye hacheki ovyo, alicheka.

Kuna mahali ambapo siwezi tena kuimba nayo. Ile ndoto mashuhuri, yenye ngazi na mawingu na moto, ilikuwa ikitunyamazisha ukumbi mzima. Raj yumo motoni, mashetani wanamzunguka, analia atolewe. Juu mawinguni yuko Rita, amevaa nyeupe, anamnyooshea mkono. Niliiona kuwa ndiyo picha nzuri kuliko yoyote duniani. Sasa naitazama nikiwa mtu niliyezika na kuozesha, nikaona ndoa za vijana wengi zikivunjika, na naona mzigo aliotwishwa yule msichana. Rita awe wokovu wa Raj? Msichana wa miaka ishirini na kitu amtoe mtu jehanamu kwa uzuri wake? Na kabla ya hapo, pale ufukweni, anapomtania kwa neno moja tu, Raj anamkamata na kumzaba makofi, naye badala ya kuondoka anamwangukia. Ukumbini vijana walikuwa wakipiga miluzi. Tulifundishwa mambo mawili katika picha moja: kwamba mwanamke ni mbingu yako, na kwamba mbingu yako ikikuudhi unaweza kuipiga. Paulo aliwaambia waume wa Efeso wawapende wake zao kama Kristo alivyolipenda Kanisa, akajitoa kwa ajili yake. Anayejitoa pale ni mume. Wasanii wa Bombay waliigeuza, na sisi, Waislamu na Wakristo wa Wete, tuliinunua kwa fedha za karafuu.

Mwisho wake, hata hivyo, unanishinda kila mara. Raj haachiwi. Anahukumiwa miaka mitatu, anakubali, na Rita anaahidi kumngoja. Na jaji naye anakwenda gerezani. Mzee yule mwenye joho anasimama upande wa pili wa nondo na kumwomba mwanawe msamaha. Katika mfano wa mwana mpotevu mtoto ndiye anayerudi nyumbani. Hapa aliyepotea alikuwa baba, na nyumba anayoirudia ni jela. Sijui kama Raj Kapoor aliwahi kuisoma Luka 15. Naijua athari yake kwa Maalim: alivua miwani akasema kuna vumbi.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, kwenye vumbi la Maalim. Lakini Leela hakubaki Bombay. Sheria ya Zanzibar ya mwaka 1985 ilimfanya mwanamke ambaye hana mume akipata mimba kuwa mkosaji anayeweza kupelekwa jela. Iliendelea hadi ilipofutwa na sheria nyengine mwaka 2005. Miaka ishirini ya Jaji Raghunath kwenye vitabu vya serikali. Na sisi Wakristo tusijifanye tulikuwa pembeni. Katika kanisa moja nililosali nikiwa kazini, binti mmoja wa kwaya alizaa bila kuolewa. Aliondolewa kwaya, akawekwa benchi la nyuma, na ubatizo wa mtoto ukaahirishwa hadi mama atakapotubu mbele ya watu. Ulipofanyika ulifanyika siku ya kazi, mchana, kengele haikupigwa, walikuwapo mama, bibi, padre na mfagizi. Baba wa mtoto alikuwa akifahamika. Alikuwa akikaa benchi la tatu, na Jumapili ya wiki hiyo alipokea Meza ya Bwana.

Na ni kanisa gani linalofanya haya? Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, liliwekwa jiwe la msingi mwaka 1873 mahali pa soko la watumwa. Marafiki, wale Waingereza wanaoitwa Quaker, walikuja Pemba mwaka 1897, mwaka ule ule utumwa ulipofutwa kisheria, wakafungua misheni Banani karibu na Chake kwa ajili ya watu waliotoka utumwani. Masasi nimekwisha kuieleza. Wakristo wa mwanzo wa misheni hizi walikuwa watu ambao ukiwauliza mwana wa nani weye hawana jibu, na kwa sababu hiyo hasa ubatizo ulikuwa na maana kwao. Babu wa baba yangu hakuulizwa cheti cha ndoa ya wazazi wake. Kama angeulizwa, mimi nisingekuwapo.

Awara nitaendelea kuitazama, na nikiwa peke yangu nitaimba. Wazee wenzangu wa makanisa ya Unguja na Pemba nina ombi moja kwao, na si kubwa. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa akiletwa, abatizwe Jumapili, katika ibada kuu, pamoja na watoto wengine, na kengele ipigwe. Kama kuna wa kukalishwa benchi la nyuma, anzeni na baba yake.